Lektini ya Mnyoo Katika Chupa ya Bakteria: Inafanya Nini kwa Kinga ya Mwili?

Mwaka jana mpwa wangu, anayesomea shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam, alituma katika kundi la familia picha ya ukurasa wa kwanza wa pendekezo lake la utafiti. Kichwa chake kilikuwa kirefu: uzalishaji wa lektini ya rekombinanti ya mnyoo wa mbuzi, na upimaji wa athari zake kwa seli za kinga. Haikupita saa moja kabla ya maswali kumiminika. Kaka yangu mkubwa wa Mbagala aliuliza kama siku hizi maabara zinafuga minyoo. Dada yetu wa Tabata, ambaye huuza virutubisho, alitaka kujua dawa hiyo ya kuongeza kinga itaanza kuuzwa lini. Kijana mmoja wa familia akaongeza kwamba lektini ndiyo ile sumu ya maharage inayosemwa mitandaoni, kwa hiyo haelewi kwa nini mtu atumie fedha kuizalisha. Mpwa wangu alijibu kwa sentensi moja, "Hapana kwa yote matatu, wajomba na mama zangu," kisha akarudi maabara.

Maswali yale yalistahili jibu refu zaidi, kwa sababu hayakuwa ya kipuuzi. Kila moja limesimama juu ya neno ambalo mtaani lina maana moja na maabara lina maana nyingine. Neno gumu kuliko yote si lektini wala rekombinanti. Ni haya maneno mawili ya kawaida, "kuathiri kinga". Tukiyasikia, wengi wetu tunachagua moja kati ya mambo mawili: ama kitu hicho kinaua kinga, ama kinaiongeza. Kazi ya mpwa wangu haimo katika lolote kati ya hayo, na ili kuona kwa nini, inabidi tuanze na sukari.

Protini inayosoma sukari

Lektini ni protini inayoshika sukari ya aina fulani. Sukari inayozungumziwa hapa si ile ya kwenye chai. Uso wa kila seli ya mwili umefunikwa na minyororo mifupi ya sukari za aina nyingi, kama galaktosi na manosi, iliyopachikwa juu ya protini na mafuta ya utando wa seli. Abiria wa Dar es Salaam anaweza kuifananisha na mistari ya rangi iliyopakwa ubavuni mwa daladala. Mabasi yenyewe yanakaribia kufanana kwa umbo, lakini mtu aliyezoea kituo huutazama mstari na kujua gari linaelekea wapi kabla hata hajasoma kibao. Lektini ni kama abiria anayejua mstari mmoja tu: huliacha gari lenye rangi nyingine lipite, na huling'ang'ania lile lenye rangi yake.

Lektini huishika sukari bila kuivunja wala kuibadilisha, na hapo ndipo inapotofautiana na kimeng'enya, ambacho hukata au huunganisha. Haifanani pia na kingamwili, ambazo mwili huziunda baada ya kukutana na adui. Lektini ipo tayari tangu mwanzo, ndani ya mimea, wanyama, bakteria na vimelea, kila kiumbe akiitumia kwa shughuli zake.

Kila aliyewahi kuchangia damu tayari amekutana na sukari hizi bila kuzijua. Tofauti kati ya makundi ya damu ni tofauti ya sukari ya mwisho kwenye minyororo iliyo juu ya chembe nyekundu. Kundi A lina galaktosi iliyobadilishwa kidogo, kundi B lina galaktosi ya kawaida, kundi AB lina zote mbili, na kundi O halina sukari hiyo ya mwisho. Tofauti ndogo kiasi hicho inatosha kuamua nani anaweza kupokea damu ya nani, na lektini zinaweza kuiona. Katika miaka ya 1940 mtafiti wa Marekani, William Boyd, aligundua kwamba maji ya maharage ya lima huzishikamanisha chembe nyekundu za kundi A na kuziacha za kundi B. Ni yeye na mwenzake waliopendekeza jina lektini mwaka 1954, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua.

Habari yenyewe ilikuwa imeanza zamani zaidi. Mwaka 1888, katika mji wa Dorpat, ambao leo unaitwa Tartu na uko Estonia, Peter Hermann Stillmark alichanganya damu na utomvu wa mbegu za mbarika, mmea uleule unaojiotea kwenye viwanja vitupu vya mji wetu. Aliona chembe nyekundu zikishikamana mabonge mabonge. Protini aliyokuwa nayo ni risini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana, na kwa bahati mbaya jamaa huyo wa kwanza kufahamika ameuharibia jina ukoo mzima.

Hapa ndipo maharage yanapoingia. Maharage mekundu mabichi yana lektini nyingi, na mtu akila hata punje chache ambazo hazijaiva anaweza kutapika ndani ya saa chache. Kupasha maharage joto la vuguvugu kwa muda mrefu hakusaidii. Kinachosaidia ni kuyaloweka, kumwaga maji yale, kisha kuyachemsha kwa maji yanayotokota, kwa sababu joto hilo huikunjua protini na ikishakunjuka haishiki tena chochote. Mama lishe wa Buguruni anayeweka sufuria ya maharage jikoni alfajiri na kuyaacha yatokote zaidi ya saa moja amekwisha kuiharibu lektini kabla mteja wa kwanza hajaketi. Anayewaambia watu waache maharage yaliyoiva kwa kuogopa lektini anawanyima chakula kizuri na cha bei nafuu, tena kwa sababu ambayo moto umeshaiondoa. Wala lektini ya maharage si lektini ya mnyoo. Kusema ni kitu kimoja kwa kuwa zinaitwa jina moja ni kama kusema panga na wembe ni kitu kimoja kwa kuwa vyote vinakata.

Hata hivyo, maharage yaliacha somo kubwa. Mwaka 1960 Peter Nowell alieleza kwamba lektini ya maharage huziamsha chembe nyeupe za damu na kuzifanya zigawanyike ndani ya chupa. Kabla ya hapo seli hizo zilidhaniwa zimefika mwisho wa safari yake. Ikajulikana kwamba protini inayoshika sukari juu ya seli ya kinga inaweza kuipa seli hiyo amri. Kama mmea unaweza kufanya hivyo kwa bahati tu, mnyoo ambaye maisha yake yote yanategemea kuelewana na kinga ya mwenyeji wake anaweza kufanya nini?

Mgeni asiyefukuzwa

Mnyoo anayemshughulisha mpwa wangu anaitwa Haemonchus contortus. Anaishi katika tumbo la nne la mbuzi na kondoo, na ukilipasua tumbo hilo machinjioni kabla halijaoshwa utamwona kwa macho, kwa sababu jike hufikia urefu wa sentimita 2 hadi 3. Mwanzoni unadhani ni nyuzi zilizodondoka. Ukiinama unaona kila uzi una mistari miwili iliyosokotana, mwekundu na mweupe, kama kamba ya rangi mbili. Mwekundu ni utumbo wa mnyoo uliojaa damu ya mbuzi, na mweupe ni mifuko ya mayai iliyouzunguka. Inakadiriwa kwamba mnyoo mmoja hupoteza mililita 0.05 za damu ya mbuzi kwa siku. Kiasi hicho kinaonekana si kitu mpaka uhesabu minyoo 1,000, ambao si wengi kwa mbuzi mgonjwa: ni mililita 50 kila siku, sawa na kikombe kidogo cha kahawa ya barabarani. Mfugaji akiligeuza kope la chini la jicho la mbuzi huyo huona weupe mahali palipopaswa kuwa pekundu, na chini ya taya hutokea uvimbe laini wa maji. Sisi wanadamu tuna ugonjwa wa namna hiyo, nao ni safura, ingawa mnyoo wake ni mwingine.

Jambo la kushangaza ni kwamba mbuzi hamfukuzi. Mfumo wa kinga unaoweza kumtambua kirusi asiyeonekana kwa darubini ya kawaida unaishi na mnyama wa sentimita 3 kana kwamba hakuna kilichotokea. Hali ni hiyohiyo kwa minyoo wa matende, ugonjwa unaofahamika vizuri katika pwani yetu, ambao wanaweza kukaa miaka 6 hadi 8 katika mishipa ya limfu, mahali ambapo seli za kinga hupita mchana na usiku. Mnyoo hawezi kujificha ndani ya seli kama kirusi, wala hana mbio za kumkimbia askari. Anachofanya ni kutoa protini zinazozungumza na seli za kinga, na baadhi ya protini hizo ni lektini.

Lektini za mnyoo huyu zinazochunguzwa sana ni za ukoo wa galektini, zinazopenda sukari ya galaktosi. Miili ya mbuzi na ya watu nayo ina galektini zake, na moja ya kazi zake ni kuzituliza seli za kinga baada ya pambano, ili zisiendelee kupiga zikaumiza mwili wenyewe. Mnyoo, kwa hiyo, haji na lugha ngeni. Anazungumza lugha ambayo mwili unaijua, kwa lafudhi inayokaribiana na ya mwenyeji.

Nguo ya mfano na fundi

Ili ujue galektini ya mnyoo inafanya nini, unahitaji galektini peke yake, safi na nyingi. Kumsaga mnyoo mzima hakufai, maana utapata mamia ya protini kwa pamoja na hutajua ipi imefanya kipi. Kukusanya protini moja kutoka kwa minyoo kungehitaji minyoo wasiohesabika. Ndiyo sababu ya kutumia njia ya rekombinanti, neno linalomaanisha tu kwamba maagizo ya kutengeneza protini yametolewa katika kiumbe mmoja na kuunganishwa na ya kiumbe mwingine.

Fikiria umeona gauni la mtu limekupendeza. Humchukui mtu mwenyewe. Unaliazima gauni, unalipeleka kwa fundi cherehani Kariakoo, naye anatoa vipimo na kushona mengine kumi. Maagizo ya galektini yameandikwa katika jeni ya mnyoo. Mtafiti huchukua minyoo wachache, hutoa nakala ya maagizo hayo, kisha huizidisha kwa mashine ya PCR, ileile iliyozoeleka masikioni mwetu wakati wa UVIKO-19. Nakala hupachikwa katika kiduara kidogo cha DNA kinachoitwa plasmidi, na plasmidi huingizwa katika bakteria Escherichia coli wa aina za maabara. Bakteria hao ndio mafundi. Hawaulizi gauni ni la nani. Wakipewa vipimo, wanashona.

Nimeiona kazi hiyo. Chupa ya mchuzi wa rangi ya dhahabu huwekwa jioni katika mashine inayotikisa taratibu, na baada ya saa kadhaa mchuzi umekuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, kwa sababu ya mabilioni ya bakteria. Hapo huongezwa kemikali inayofanana na sukari ya maziwa, nayo ni ishara kwa bakteria kwamba waanze kushona. Saa chache baadaye huvunjwavunjwa, na kilichomo hupitishwa katika mrija wenye chembechembe za buluu zilizobeba nikeli. Protini inayotakiwa imeongezewa mkia wa amino asidi (vipande vinavyounda protini) 6 za histidini, na mkia huo huing'ang'ania nikeli huku protini nyingi za bakteria zikioshwa na kwenda zake. Mwishoni humiminwa kemikali inayouachisha mkia, na matone yanayodondoka ndiyo lektini.

Kwa hiyo hakuna mnyoo anayefugwa humo. Hakuna yai, hakuna kiluwiluwi, hakuna kitu kinachoweza kukua tumboni mwa mtu. Na anayehofia kwamba protini iliyotengenezwa hivi itabadilisha vinasaba vyake atulie, kwa sababu protini si jeni, na mwili hauna namna ya kuirudisha ikawa jeni. Njia hii tunaitegemea kwa miaka mingi. Insulini ya binadamu ilitengenezwa kwa mara ya kwanza ndani ya bakteria mwaka 1978 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1982. Kabla ya hapo wagonjwa wa kisukari walitegemea kongosho za ng'ombe na nguruwe. Chanjo za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na 2023, ambazo zote mbili zilifanyiwa majaribio Bagamoyo, zina kipande cha protini ya kimelea cha malaria kilichotengenezwa na hamira, ambaye ni ndugu wa anayeumua maandazi yetu.

Fundi huyu wa bakteria ana upungufu mmoja ambao haupaswi kufichwa. Anakata na kushona, lakini hawezi kudarizi. Protini nyingi za wanyama hupambwa kwa minyororo ya sukari baada ya kutengenezwa, na E. coli wa kawaida hana ufundi huo. Kwa galektini si tatizo kubwa, kwa kuwa zenyewe kwa kawaida ni kanzu isiyo na darizi. Kwa protini nyingine tatizo hilo limewagharimu watafiti miongo kadhaa. Chanjo ya kwanza dhidi ya Haemonchus, iliyoingia sokoni Australia mwaka 2014, mpaka leo hutengenezwa kwa protini zinazotolewa kwa minyoo halisi waliovunwa kwenye matumbo ya kondoo, kwa sababu nakala za protini hizo zilizotengenezwa kwa njia ya rekombinanti hazikumkinga mnyama. Maagizo yalikuwa sahihi neno kwa neno, lakini umbo na mapambo havikuwa vilevile.

Vishimo 96

Protini ikishapatikana, swali la kwanza si kama inaathiri kinga. Swali la kwanza ni kama inashika sukari kweli, maana inaweza kuwa imekunjwa vibaya ikawa lektini kwa jina tu. Kipimo chake ni cha Stillmark, chenye umri wa zaidi ya miaka 130. Unachukua sahani ya plastiki yenye vishimo 96, unatia lektini kwa vipimo vinavyopungua nusu kwa nusu, kisha unaongeza chembe nyekundu za damu. Mahali lektini isipofanya kazi, chembe huteremka na kutulia chini kama kitone chekundu kilichokolea. Mahali inapofanya kazi, hushikana mikono na kutandaza zulia jepesi la waridi juu ya kishimo kizima. Kisha unarudia ukiwa umeongeza galaktosi au laktosi. Zulia likitoweka na kitone kikarudi, unajua kwamba lektini imeshiba sukari uliyoimiminia na imeziachia chembe. Katika kazi yote hii, kipimo hiki ndicho ninachokipenda zaidi, kwa kuwa jibu lake linaonekana kwa jicho na hata mtoto wa shule anaweza kulisoma.

Baada ya hapo huja seli za kinga. Damu ya mbuzi humiminwa polepole juu ya maji mazito na kuzungushwa kwa kasi. Chembe nyekundu huzama, na katikati hubaki pete nyembamba yenye ukungu, kama utando juu ya maziwa ya moto. Pete hiyo ndiyo seli nyeupe zinazohitajika. Hutiwa katika vishimo pamoja na vipimo tofauti vya lektini, huwekwa katika kabati la joto la mwili, na baada ya siku moja hadi tatu huulizwa maswali kadhaa. Je, zimegawanyika zaidi au zimepungua kugawanyika? Zimekufa ngapi? Zinameza vitu kama kawaida? Na muhimu kuliko yote, zimetoa saitokini gani, yaani protini ndogo ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari?

Saitokini ndizo zinazotufikisha kwenye fundo la maneno niliyoanza nayo. Tumezoea kuiona kinga kama ndoo: ikijaa tuko salama, ikipungua tunaugua, na biashara kubwa ya vidonge na unga imejengwa juu ya picha hiyo. Picha iliyo karibu zaidi na ukweli ni sungusungu wa mtaa. Wanalinda kwa filimbi. Kuna mlio wa kuwaita wote waje na marungu, kuna mlio wa kuwatuma upande fulani tu, na kuna mlio wa kuwaambia watulie kwa sababu aliyekuwa akikimbia ni mtoto wa jirani. Mtaa ambao filimbi ya kwanza inalia usiku kucha si mtaa wenye ulinzi mzuri; watapigwa wapita njia. Pumu, mzio na magonjwa ambayo mwili hujishambulia wenyewe ni misiba ya marungu kupita kiasi, na mgonjwa wake hahitaji hata chembe ya "kuongezewa kinga". Interferoni-gama ni mmoja wa milio ya kuita marungu. Interlukini-4 huelekeza ulinzi upande unaofaa kupambana na minyoo. Interlukini-10 ni ule mlio wa kutuliza.

Watafiti wa China waliozijaribu galektini za rekombinanti za Haemonchus kwa seli za mbuzi waliona zikijibandika juu ya uso wa seli hizo, zikipunguza kugawanyika kwake, zikisukuma baadhi kwenye kifo cha utaratibu, ambapo seli hujimaliza yenyewe, na zikiongeza interlukini-10. Kwa maneno mengine, mnyoo anapuliza filimbi ya kutuliza. Si sahihi kusema ameua kinga ya mbuzi, kwa kuwa mbuzi huyo bado anapambana na vijidudu vingine. Wala hajaiongeza. Ameisemesha jambo moja, mahali pamoja, kwa faida yake.

Kutokana na hayo kunazaliwa matumaini ya aina mbili yanayoelekea pande tofauti, na ni rahisi kuyachanganya. La kwanza ni kumnyima mnyoo sauti: mbuzi akichanjwa kwa lektini hiyo akaunda kingamwili dhidi yake, pengine mnyoo atabaki bubu na kinga itamwona. La pili ni kuiazima sauti yenyewe kwa ajili ya watu wenye marungu yaliyozidi. Watafiti wa Korea Kusini waliwapa panya galektini ya rekombinanti ya mnyoo wa paka na mbwa, Toxascaris leonina, na uvimbe wa utumbo mpana waliokuwa wamesababishiwa kwa kemikali ukapungua. Ni habari njema, kwa panya. Kutoka hapo mpaka kwenye duka la dawa la Tabata kuna safari ambayo nyingi kati ya protini zinazoianza hazifiki. Wapo waliotaka kufupisha njia kwa kuwanywesha wagonjwa wa Crohn, ugonjwa wa uvimbe wa muda mrefu wa utumbo, mayai ya mnyoo wa nguruwe, na majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2013 yakaonyesha kwamba mayai hayo hayakushinda dawa ya kulinganishia isiyo na kitu ndani. Nayaandika haya kwa sababu nimeshaulizwa kama inafaa kuacha kuwapa watoto dawa za minyoo ili "wasipate pumu". Haifai. Mtoto mwenye safura anapoteza damu leo.

Kuna mahali pamoja ambapo lektini ya kimelea imekwisha kutoka maabara na kuwa na faida kwa mgonjwa, napo si kwenye dawa bali kwenye kipimo. Amiba anayesababisha kuhara damu, Entamoeba histolytica, hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mpana kwa lektini inayopenda galaktosi. Asiposhika, hawezi kuiua seli, na katika maabara ukimmiminia galaktosi anaachia. Chini ya darubini amiba huyu anafanana na mwenzake asiye na madhara, Entamoeba dispar, kiasi kwamba ilikubaliwa rasmi mwaka 1993 tu kuwa ni viumbe wawili. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa katika zahanati moja kwamba nina amiba, kwa kutazamwa choo kwa darubini pekee, nikanywa dawa zilizonichafua tumbo kwa juma zima bila mtu kujua nilikuwa na yupi kati ya hao wawili. Vipo vipimo vinavyoitafuta lektini ya histolytica yenyewe kwenye choo, na hivyo vinawatenganisha.

Jaribio ambalo karibu litudanganye

Mwezi wa nne wa kazi yake mpwa wangu alinipigia simu usiku, sauti imejaa furaha. Seli za mbuzi zilizokutana na lektini yake zilikuwa zimeamka kwa kishindo, na saitokini za kuita marungu zilikuwa juu kuliko alivyotarajia. Nilimpongeza. Msimamizi wake hakumpongeza. Alimuuliza lektini hiyo ilishonwa na nani.

Ilishonwa na bakteria, na ukuta wa E. coli una sumu iitwayo endotoksini, ambayo kwa seli za kinga ni king'ora kikali kuliko karibu vyote. Kiasi cha nanogramu chache tu, kisichoonekana wala kunusika, kinatosha kuziamsha. Protini inaweza kutoka kwenye mrija wa nikeli ikiwa safi kabisa machoni pa vipimo vya kawaida huku imebeba endotoksini ya kutosha kuandika matokeo yote peke yake. Wanaotengeneza dawa za sindano huipima kwa kutumia damu ya mnyama wa baharini anayefanana na kaa; damu hiyo ni ya buluu, na hutengeneza donge ikikutana na endotoksini. Mtafiti asiyeipima anaweza kuchapisha kwa moyo safi makala kuhusu mnyoo ambayo kwa kweli ni makala kuhusu bakteria. Msomaji anayekutana na habari kwamba protini fulani "imeamsha kinga kwa nguvu" ana haki ya kuuliza swali la msimamizi yule.

Njia moja ya kuligundua ni rahisi kiasi kwamba mama lishe angeielewa bila maelezo. Lektini ni protini, na ikichemka huharibika. Endotoksini si protini, na maji yanayotokota hayaifanyi lolote. Mpwa wangu aligawa lektini yake mafungu mawili, akachemsha moja, akarudia jaribio. Fungu lililochemshwa liliziamsha seli sawasawa na lile ambalo halikuchemshwa.

Alikaa kimya siku mbili, kisha akaanza upya usafishaji, safari hii akiiosha protini ingali kwenye nikeli kwa sabuni inayoibandua endotoksini, na kuipima kila hatua. Jumamosi iliyopita alituma picha nyingine katika kundi la familia. Ilionyesha mirija miwili midogo imesimama kwenye barafu, tayari kupelekwa kwenye seli. Mmoja aliuandika kwa kalamu nyeusi "imechemshwa", na mwingine "mbichi".